Tangazo Alilochapa Kwikwi

Ofisini walimwita Kwikwi, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Alikuwa mtu wa kucheka, na kicheko kikimzidi, kwikwi ilimshika, akawa anarukaruka kitini mpaka aletewe maji. Ilimpata vikaoni, ilimpata kwenye hafla za kuwaaga wastaafu, na siku moja ilimpata mbele ya mkaguzi kutoka makao makuu aliyekuja na kipande cha karatasi kimenata kwenye ndevu. Hata Mkuu wa ofisi, ambaye kila mtu alimwita kwa cheo chake, yeye alimwita Kwikwi, tena kwa uzito, kana kwamba hicho nacho ni cheo.

Alikuwa katibu muhtasi katika ofisi ya serikali ya mji, na huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na mbili. Alichapa barua za likizo, mihtasari ya vikao na mialiko, lakini kitu alichokijua hata akiwa amefumba macho ni matangazo ya moto. Yalikuwa matatu kila mwaka. La kwanza lilitoka mvua zikikatika: ni marufuku kwa mtu yeyote kuwasha moto wowote mlimani. La pili lilitoka mlima ukishawaka: hali imedhibitiwa, wananchi wasiwe na hofu, wafunge madirisha. La tatu lilitoka moshi ukishakaa mjini wiki ya tano: serikali inawapa pole wananchi na imeunda kamati. Kwikwi alifungua faili lilelile kwenye kompyuta, akabadilisha tarehe, akapeleka likasainiwe. Mwaka mmoja alisahau hata kubadilisha tarehe. Tangazo likasainiwa, likagongwa muhuri, likabandikwa mji mzima na kusomwa redioni likiwa na tarehe ya mwaka uliopita, na hakuna mtu aliyefungua mdomo. Alicheka siku mbili.

Nyumbani aliishi na mumewe, ambaye alikuwa fundi rangi, na binti yao wa miaka tisa, na babamkwe wake. Mzee huyo alikuwa mlinzi wa msitu kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, na tangu astaafu alikuwa na ugomvi na redio. Aliiweka mezani mbele yake, akaisikiliza habari hadi mwisho huku akiijibu sentensi kwa sentensi. Redio ikisema wataalamu wanafuatilia, mzee anauliza wanafuatilia wakiwa wamekaa wapi. Redio ikisema wananchi wazingatie, mzee anasema wananchi wamezingatia mpaka mapafu yamekuwa meusi.

Hoja yake ilikuwa moja, na nyumba nzima ilikuwa inaijua. Zamani, alisema, walinzi walikuwa wanachoma wenyewe, mapema, majani yakiwa makavu juu lakini bado na ubichi kwenye mashina. Walilima mistari miwili mbavuni mwa mlima, wakachoma katikati yake, moto mdogo wa kufika magotini, na kiangazi kikikolea moto mkubwa ulifika pale ukakosa chakula. Kisha ikatoka amri kwamba moto ni moto, marufuku wote. Walinzi wakapunguzwa, majani yakaachwa yaote juu ya majani ya mwaka jana na ya mwaka juzi. "Mtu anajaza kuni stoo mwaka mzima," mzee alikuwa akisema, "halafu zikiwaka anaunda kamati."

Moshi wenyewe haukubisha hodi. Ulikuja mwezi wa tatu wa kiangazi, asubuhi moja jua likachomoza likiwa jekundu na dogo kama kitufe cha koti, na kufikia mchana ng'ambo ya barabara ilikuwa haionekani. Kwikwi alilowesha taulo akaziba chini ya milango. Mapazia yalinuka, mito ilinuka, hata daftari za shule zilinuka. Mumewe alipaka ukuta rangi nyeupe asubuhi, jioni mwenye nyumba akamuuliza kama hii ndiyo rangi waliyokubaliana. Watu wa mji ule walikuwa na macho mekundu wiki sita kila mwaka, na mgeni aliyeshuka kwenye basi angedhani kuna msiba.

Mwaka mmoja kabla ya hayo ninayotaka kuyasimulia, moshi ulikuwa mzito kuliko kawaida, na binti akabanwa na kifua. Kwikwi alitoroka kazini saa nane mchana akampeleka kituo cha afya. Benchi zilikuwa zimejaa watoto wenzake, kila mmoja na mama yake, na mashine ya kuvuta dawa ilikuwa moja, inazungushwa kwa zamu. Binti alikaa ameegemea tumbo la mama yake, mabega yanapanda na kushuka kama mtu anayepanda ngazi. Ukutani kulikuwa na redio. Mtangazaji akasoma tangazo: hali imedhibitiwa, wananchi wasiwe na hofu, wafunge madirisha.

Kwikwi aliyatambua maneno yake. Alitambua hata mahali alipoweka mkato, kwa sababu mtangazaji alipumua palepale. Mama mmoja kwenye benchi, aliyekuwa na pacha wawili mapajani, alicheka kidogo kwa uchungu, akauliza bila kumwelekea mtu, "Hivi anayeandika haya huwa ana watoto?" Wenzake wakaguna. Kwikwi hakucheka, na kwikwi haikuja. Aliinamisha uso kwenye nywele za binti yake akakaa hivyo hadi zamu yao ikafika.

Binti alipata nafuu siku ya tatu. Mvua zikaja zikausafisha mji, moshi ukasahaulika kama unavyosahaulika kila mwaka, mvua zikakatika, na Jumatatu moja Mkuu akapita mlangoni akisema Kwikwi aandae lile la kwanza.

Jioni hiyo alimkuta babamkwe wake amekaa kwenye ngazi za nyuma anakata kucha. Akamuuliza kama mchezo tu: lau angekuwa yeye ndiye serikali, angeandika nini. Mzee aliweka mkasi chini. Alizungumza nusu saa nzima bila kusimama, na Kwikwi, kwa mazoea ya kazi, akaandika nyuma ya bahasha.

Asubuhi aliyachapa. Nia yake ilikuwa kumchekesha rafiki yake wa masijala, mwanamke mwembamba aliyekuwa na huzuni wiki hiyo kwa sababu ya jino. Aliweka nembo ya ofisi juu, kumbukumbu namba, kila kitu. Akaandika kwamba kwa mamlaka aliyonayo, Mkuu anatangaza kuwa mwaka huu mlima utachomwa mapema, kwa mstari, chini ya uangalizi wa walinzi wa msitu wastaafu, kwa Jumamosi tatu mfululizo kuanzia hii inayokuja. Gari la zimamoto litakuwepo tangu asubuhi na sio baada ya mlima kuisha. Kisha, kwa kuwa vidole vilishachangamka, akaongeza la kwake: "Wakuu wa idara zote watafika wenyewe, kila mmoja na jembe lake, saa moja kamili asubuhi. Udhuru hautapokelewa."

Alilitoa kwenye printa, akamwita rafiki yake. Rafiki alilisoma ameshika shavu, akafika kwenye majembe, akasahau jino. Walimtaja mkuu wa idara ya ardhi, mwenye kitambi kinachomtangulia mlangoni, akiwa na jembe. Walimtaja wa fedha, ambaye hajawahi kuvaa kiatu kisichong'aa. Kwikwi ikamshika Kwikwi vibaya sana, ikabidi wamtoe nje mpaka kwenye bomba la uani, karatasi ikabaki palepale kwenye printa.

Huku nyuma akaja tarishi. Huyu alikuwa mzee wa watu, amebakiza miezi minne astaafu, na sifa yake kubwa ilikuwa kutochelewesha kitu. Alikuwa ametumwa tangazo la moto, akaliona tangazo la moto, akalichukua. Mkuu alikuwa kwenye simu. Tarishi akamfungulia jalada, akamwekea kidole mahali pa kusaini, Mkuu akasaini huku anaendelea kuongea. Muhuri ukagongwa. Dakika ishirini baadaye nakala mia mbili zilikuwa zinatoka mashineni na gari la matangazo lilishawasha injini.

Kwikwi aliporudi na macho yamelowa hakuiona karatasi. Alidhani ameitia kwenye ndoo ya taka. Akafungua faili la siku zote, akabadilisha tarehe, akaliprinti lile tangazo la kweli, akashangaa kwamba hakuna aliyekuja kulichukua.

Saa sita na nusu alikuwa ng'ambo ya barabara anangoja chai, ndipo gari la matangazo likapita na vipaza sauti vyake viwili, na sauti nzito ikiwatangazia wananchi kwamba udhuru hautapokelewa.

Watu barabarani walisimama. Muuza viatu alimwuliza mwenzake kama amesikia vizuri. Gari lilifika mwisho wa mtaa, likageuza, likarudi likasema tena, na safari hii mtu mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata, na mwanamke wa duka la vitambaa akatoka na futi yake shingoni akisema hii lazima aione kwa macho yake. Kwikwi aliacha chai. Alivuka barabara anajiona kabisa amemwaga unga, na wakati huohuo kitu kinamtekenya chini ya mbavu.

Mkuu alikuwa amesimama dirishani, nakala mkononi.

"Kwikwi, hii saini ni ya nani?"

"Ni yako, Mkuu."

"Na maneno?"

"Ni yangu, Mkuu. Mengine ya babamkwe wangu."

Akamweleza yote bila kuficha, mzaha, printa, bomba la uani. Alijitahidi kuweka uso wa mtu aliyekosa, lakini alipofika kwenye kiatu cha mkuu wa fedha kwikwi ikatoka, ikafuatwa na nyingine. Mkuu alisubiri zipungue. Alikuwa mtu mrefu mwenye mabega ya kuchoka, miaka saba kwenye kiti kile. Alisema polepole, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwa Kwikwi, kwamba akikanusha tangazo atakuwa amesema hakulisoma, na akisema hakulisoma wataanza kuuliza ni mangapi mengine hakuyasoma.

Hapo simu ikalia. Ilikuwa ya bosi wake, yule wa juu kabisa, na Kwikwi alisikia upande mmoja tu. Ndiyo mzee. Asante sana mzee. Hapana, ni jambo tulilolitafakari kwa muda mrefu. Mwandishi wa habari? Aje tu, mzee, karibu sana. Mkuu akaweka simu chini, akapangusa paji la uso kwa leso, akalitazama tangazo tena, na safari hii alilisoma neno kwa neno mpaka mwisho.

"Huyo babamkwe wako," alisema. "Yuko hai?"

"Yuko nyumbani, Mkuu. Anagombana na redio."

"Kamlete."

Siku tatu zilizofuata hazikuwa na kazi nyingine. Mzee alikuja amevaa koti lake la zamani la kazi, akaketi kwenye kiti cha wageni cha Mkuu kama aliyezaliwa humo, akachora mlima kwenye ubao. Akawatafuta wenzake wawili waliokuwa bado wana magoti. Alitaka ndoo, alitaka matawi mabichi ya kupigia moto, alitaka mtu wa kumtazamia upepo na si mtu wa kumwambia upepo umedhibitiwa. Maduka ya vifaa yaliishiwa majembe Alhamisi saa tisa. Mkuu wa ardhi alionekana akilijaribu la kwake kwenye bustani ya ofisi, na rafiki wa masijala akamwona kutoka dirishani, na siku hiyo jino liling'olewa bila hata kumuuma, alivyodai.

Jumamosi saa moja asubuhi Kwikwi alifika chini ya mlima na familia yake nzima, akakuta mji umehamia pale. Alitarajia watu mia. Walikuwa wengi kiasi kwamba vumbi lilipanda juu ya vichwa vyao. Walikuja na majembe, mapanga, mafyekeo, na mmoja na uma wa bustani. Yule mama wa pacha alikuwepo, pacha mmoja mgongoni na mwingine amebebwa na nyanya yake. Wakuu wa idara walisimama mstari mmoja, wote tisa, wamevaa viatu vya mpira vipya ambavyo vilikuwa vinalia kila wakisogea. Wa fedha alikuwa ametia vyake rangi ya viatu.

Babamkwe alipanda juu ya jiwe akapuliza filimbi, akawaeleza: mistari miwili, kati yake hatua kumi na tano, mtu asiwashe hata kiberiti kabla hajasikia filimbi mara mbili. Kisha wakalima. Kwikwi hakuwa ameshika jembe tangu shule, malengelenge yakamtoka viganjani ndani ya saa moja, na hakumbuki kama yaliuma. Mbele yake alikuwa Mkuu mwenyewe, ambaye ilibainika alikulia shambani na mikono yake haikuwa imesahau. Alilima kama mtu anayelipiza kisasi kwa miaka saba ya kukaa. Watu wakaanza kumhesabia majembe kwa sauti, na kadiri walivyohesabu ndivyo alivyoongeza.

Jua lilipokausha umande, mzee akarusha vumbi hewani akalitazama linavyoanguka. Upepo ulikuwa mwepesi, unashuka. Filimbi ikalia mara mbili. Akainama mwenyewe akawasha.

Kila mtu akasogea ukingoni kutazama. Walikuwa watu waliozoea kuuona moto ule kwa mbali, mkubwa, na wao wakiwa nyuma ya madirisha. Huu ulianza kama mwali wa mshumaa, ukashika majani, ukasambaa hadi kwenye ukingo uliolimwa, ukasita pale, ukazima. Upande wa pili hivyohivyo. Ulitembea katikati ya mistari kwa mwendo wa mtu mzima aliyevaa kanzu, na ulipotaka kuchungulia nje, mtu wa karibu akaupiga kwa tawi. Moshi wake ulikuwa mwembamba na mweupe, ukapanda moja kwa moja ukaondoka zake.

Binti alikuwa kwa mbali na baba yake, kitambaa usoni, macho yamemtoka pima. Alisema kwa mshangao kwamba babu anauchunga.

Basi ikawa furaha isiyo na kichwa wala miguu. Moto ulipotoroka kidogo karibu na mkuu wa ardhi, aliukalia. Hakukusudia, aliteleza, lakini ulizima, na watu walimshangilia mpaka akainuka akainama kama msanii jukwaani, suruali ikiwa na tundu nyuma. Mwandishi wa habari alicheka kamera ikamtikisika, akapiga picha kumi za mawingu. Mkuu alikuwa mweusi uso mzima isipokuwa meno. Kwikwi alishikwa na kwikwi kubwa kuliko zote, watu wasiomjua wakawa wanamletea maji ya kuzimia moto, akayanywa.

Walirudi Jumamosi ya pili na ya tatu, na mstari ukazunguka ubavu wote wa mlima unaotazama mji.

Mwezi wa tatu wa kiangazi moto mkubwa ulikuja, kama kawaida yake, kutoka upande wa nyuma ambako hakuna aliyelima. Watu walisimama juu ya mapaa alasiri nzima wakiutazama unashuka. Ulifika kwenye mstari mweusi, ukahangaika huku na huku, ukakosa chakula, na kufikia magharibi ulikuwa umelala. Moshi ulikuja hata hivyo, kutoka mbali, kwenye milima ya watu wengine. Ulikaa siku kumi na moja. Kwikwi alizihesabu kwenye kalenda ya jikoni, na siku ya kumi na mbili alitoa taulo chini ya milango, akayafua mapazia yote, akacheza peke yake sebuleni na zulia likiwa limekunjwa.

Si kwamba mambo yote yalinyooka. Mkuu alianza kusoma kila karatasi inayofika mezani kwake, kalamu mkononi, na kwa hiyo ombi la likizo la siku mbili lilichukua wiki. Pia ilibidi Kwikwi apewe barua ya onyo, kwa sababu taratibu ni taratibu. Mchapaji alikuwa mmoja tu, akaichapa mwenyewe. Alimrekebishia Mkuu sentensi mbili zilizokuwa zimelegea, akaongeza neno "vikali" mahali lilipohitajika. Mkuu aliisoma mara mbili, akamsifu kwa kazi safi, akasaini.

Wiki iliyofuata ikaja simu kutoka ofisi ya mji wa upande wa nyuma wa mlima. Hawakutaka tangazo, walisema, walimtaka mzee mwenyewe, akae nao wiki moja awaonyeshe. Babamkwe alijifanya anafikiria. Alisema magoti hayamruhusu, alisema ana shughuli nyingi, na wakati anasema hayo begi lilikuwa limeshafungwa chini ya kitanda. Walimtumia gari la serikali lenye dereva. Alikaa kiti cha mbele, kofia kichwani, akampungia binti mkono kwa heshima kama kiongozi anayeondoka ziarani. Kwikwi na mumewe walisimama mlangoni kumsindikiza. Gari lilikuwa halijafika hata kwenye kona, na tayari waliuona mkono wake dirishani, unamwelekeza dereva namna ya kukata kona.